Tujifunze kwa Salahuddin: Cheo hupewa, heshima hutafutwa

 

Ndugu msomaji, wiki hii nataka tuzungumze kuhusu maisha ya Sultani Salahuddin Al-Ayyubi. Lakini sitaanzia Misri wala Sham. Nitaanzia kwenye mkeka wa msikiti mmoja wa hapa mjini, ambao sitautaja jina, kwa sababu kosa ninalotaka kulisimulia ni langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilichaguliwa kuwa katibu wa kamati ya ujenzi wa msikiti huo. Nilikuwa kijana, nina shahada ya chuo kikuu, nafundisha somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu sekondari, na nilijiona naijua kazi. Mweka hazina wetu alikuwa mzee mmoja ambaye shule hakusoma sana, lakini ndiye aliyekuwa akiufungua mlango wa msikiti ule kila Alfajiri tangu mimi niko madrasa nasoma alifu kwa kijiti. Siku moja baada ya sala ya Isha, mbele ya waumini wote, nilimtaka atoe stakabadhi za saruji iliyonunuliwa. Hakuwa nazo. Nikasema maneno makali kuhusu amana na mali ya Allah. Yule mzee hakujibu kitu. Alitoa ufunguo kwenye mfuko wa kanzu yake, akauweka juu ya mkeka, akaondoka.

Wiki mbili baadaye stakabadhi zilipatikana kwa fundi. Nikazisoma mbele ya kamati, hesabu ikakaa sawa, nami nikadhani mambo yamekwisha. Kumbe ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza. Vijana waliokuwa wakija kila Jumapili kubeba tofali na kuchanganya zege hawakuja tena. Kina mama waliokuwa wakiwapikia mafundi chai na maandazi nao wakapotea. Hakuna aliyenigombeza. Salamu yangu waliiitikia vizuri, kisha wakapita. Jengo likasimama kwenye linta karibu miaka miwili, na mimi nikabaki na muhuri wa katibu mkononi, bila watu.

Wakati huo huo darasani nilikuwa nawafundisha wanafunzi habari za Salahuddin. Niliwafundisha miaka na majina ya vita, nao wakajibu mtihani vizuri. Lakini sikuwahi kujiuliza swali ambalo lingenisaidia mimi mwenyewe: watu wale walimfuata mtu huyu kwa sababu gani? Hapo ndipo nilipokichukua tena kitabu cha Kadhi Bahauddin Ibn Shaddad, aliyeingia katika utumishi wa Sultani mwaka 1188 na kuwa naye mpaka siku ya kuzikwa kwake. Nikakisoma safari hii si kwa ajili ya wanafunzi bali kwa ajili yangu.

Kijana asiye na watu

Salahuddin, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Yusuf, alizaliwa katika ngome ya Tikrit nchini Iraq mwaka 532 Hijria, yaani 1137 au 1138 Miladia. Baba yake, Najmuddin Ayyub, alikuwa Mkurdi aliyewatumikia watawala wengine. Hakuwa mfalme wala mtoto wa mfalme. Yeye na ndugu yake Asaduddin Shirkuh waliishia katika utumishi wa Nuruddin Mahmud Zangi, mtawala mchamungu wa Halab na Damascus. Yusuf akakulia katika kivuli cha watu hao watatu.

Shirkuh alipotumwa Misri na majeshi ya Nuruddin, alimchukua mtoto wa ndugu yake. Ibn Shaddad anaeleza kwamba Salahuddin hakuitaka safari ile. Alikwenda kwa kuamrishwa. Katika safari ya tatu, mwanzoni mwa mwaka 1169, Shirkuh akawa waziri wa khalifa wa Kifatimi, Al-Adid, na baada ya miezi miwili tu akafariki. Cheo kikamwangukia Salahuddin akiwa na umri wa miaka kama 31.

Wanahistoria wanatueleza kwamba Al-Adid na watu wake walimchagua kwa kuwa walimwona ni mdogo, hana jeshi lake wala watu wake, hivyo atakuwa mwepesi kuendeshwa. Kwa upande mwingine, makamanda wa Nuruddin waliokuwepo Misri walikuwa wakubwa kwake kwa umri na kwa vita walivyopigana. Kila mmoja alijiona anastahiki zaidi. Walikataa kumtumikia.

Fikiria ingekuwa wewe, ndugu msomaji. Una barua ya uteuzi mkononi, una joho la uwaziri mwilini, na mbele yako wamekaa wazee wa kazi ambao hawataki hata kukuangalia. Wengi wetu hapo ndipo tunapotoa sauti. Tunataja katiba, tunataja kifungu, tunawakumbusha watu kwamba sisi ndio tuliochaguliwa.

Salahuddin hakufanya hivyo. Mwanachuoni mmoja aliyekuwa upande wake, Faqihi Dhiyauddin Isa Al-Hakkari, aliwaendea makamanda wale mmoja mmoja. Hakuwaita kwenye mkutano. Alikaa na kila mtu peke yake, akamsikiliza na kuzungumza naye kwa kadiri ya hali yake, mpaka karibu wote wakalainika, akiwemo Sayfuddin Al-Mashtub, kamanda mkubwa wa Kikurdi. Mmoja, Aynuddawla Al-Yaruqi, alikataa katakata na kurejea Sham. Yeye Salahuddin kwa upande wake aliifungua mali aliyoiacha ami yake akawagawia watu, akatubia pombe na michezo ya ujana, akajifunga na kazi. Watu waliona kwamba aliyebadilika kwanza ni kiongozi mwenyewe.

Nimshukuru Mwenyezi Mungu kwa somo hili, ingawa nimelisoma nikiwa nimechelewa. Mimi nilimhoji mzee mbele ya safu nzima ya waumini jambo ambalo ningeweza kumuuliza barazani kwake kwa kikombe cha kahawa.

Nisieleweke kwamba nataka kumfanya Salahuddin malaika. Mwaka huo huo wa 1169 askari weusi wa jeshi la Kifatimi waliasi mjini Cairo. Katika kuwazima, aliamuru mtaa wao uchomwe moto hali wake zao na watoto wao wakiwa humo. Sisi Waafrika tukisoma ukurasa huo hatuwezi kuupita kimya kimya, na wala hatutakiwi. Alikuwa mtawala wa zama zake na mikono yake ilikuwa na damu. Ninachosema ni kwamba kila alivyokua, ndivyo alivyozidi kuelewa kuwa upanga unaweza kumnyamazisha mtu lakini hauwezi kumfanya akupende.

Hakumsahau aliyemtumikia

Mwaka 1174 Nuruddin alifariki, na Salahuddin akatumia zaidi ya miaka kumi kuwaunganisha Waislamu wa Misri, Sham na Mosul waliokuwa wamegawanyika vipande vipande. Wakati mwingine alipigana nao, wakati mwingine alisulihiana nao. Habari za kampeni hizo ni ndefu na sitaki kukuchosha nazo. Nachukua mambo mawili tu.

La kwanza ni la mwaka 1176, aliposulihiana na watu wa Halab waliokuwa chini ya mtoto wa marehemu Nuruddin. Salahuddin alikuwa ameiteka ngome ya Azaz baada ya kuizingira kwa siku nyingi na kumwaga damu ya watu wake. Baada ya sulhu, watu wa Halab wakamtoa binti mdogo wa Nuruddin aende kambini kwake. Sultani akampokea kwa heshima kubwa, akampa zawadi, akamuuliza anataka nini. Mtoto, kama alivyokwisha kufundishwa na wakubwa wake, akataja Azaz. Salahuddin akampa. Bila shaka alijua kwamba ule ni mpango wa watu wazima. Lakini alikuwa amekula chumvi ya baba yake yule mtoto, na hakutaka siku ile kumrudisha mikono mitupu.

La pili linamhusu yule Faqihi Isa. Mwaka 1177 Salahuddin alishindwa vibaya na Wanamsalaba karibu na Ramla, akanusurika kwa shida kurudi Misri. Katika waliotekwa alikuwemo Isa. Sultani hakumsahau. Baada ya muda alimkomboa kwa dinari 60,000, fedha ambayo ingetosha kukodi askari wengi na kujenga ngome. Mtu wa hesabu tupu angesema ni hasara. Lakini kila askari aliyesikia habari hiyo alifahamu kwamba akianguka mikononi mwa adui, kuna mtu nyuma yake anayemhesabu. Isa alibaki naye mpaka umauti ulipomkuta mwaka 1189, kambini wakati wa vita vya Akka.

Baraza lake

Kama kuna sehemu ya maisha ya Salahuddin ambayo ningependa kila mwenyekiti wa msikiti, kila mkuu wa shule na kila imamu aisome, ni ile inayohusu baraza lake. Ibn Shaddad alikaa humo, akaona kwa macho yake.

Kila Jumatatu na Alhamisi Sultani alikaa kusikiliza malalamiko, pamoja na mafaqihi na makadhi. Mlango ulifunguliwa kwa wote, mkubwa na mdogo, ajuza na mzee. Watu walisongamana kiasi cha kukanyaga zulia alilokalia wakati wakimpa barua zao, naye hakuonesha kukereka.

Siku moja mfanyabiashara aliyeitwa Umar Al-Khilati alikuja kwa Ibn Shaddad, ambaye alikuwa kadhi, kumshitaki Sultani mwenyewe. Alidai kwamba mtumwa aliyekufa na kuacha mali nyingi mikononi mwa Sultani alikuwa wake yeye, na kwamba mali ile ni haki yake. Kadhi akamfikishia Sultani habari hiyo. Salahuddin alishuka kutoka kwenye takia lake akakaa sawa na yule mshitaki. Madai yakasomwa. Sultani akaomba kuleta mashahidi kama mshitakiwa mwingine yeyote, na mashahidi wakathibitisha kwamba mtumwa yule alikuwa kwake Misri kabla ya tarehe aliyoitaja mfanyabiashara. Kesi ikaisha, mdai akashindwa.

Tazama sasa kilichofuata. Mtu yule alikuwa amemtuhumu mtawala mbele ya watu kuwa anakula mali isiyo yake, na imedhihirika kuwa madai yake si ya kweli. Ibn Shaddad akamnong'oneza Sultani kwamba mtu huyu ametoka mbali akitarajia ukarimu wake, na si vizuri aondoke hana kitu. Salahuddin akaamuru apewe vazi la heshima na fedha za kutosha. Alikuwa ameshinda kesi, lakini hakutaka mtu atoke kwenye baraza lake akiwa amevunjika.

Niliposoma hapo niliweka kitabu chini. Mimi nilikuwa mdai, na mzee wangu alikuwa mshitakiwa. Stakabadhi zilipopatikana, ikathibitika kwamba hakula hata senti moja. Nami niliridhika na kusoma hesabu mbele ya kamati. Sikwenda kwake.

Siku nyingine, Sultani akiwa amechoka baada ya kusikiliza watu kwa muda mrefu, alimjia mamluki mmoja mzee na barua ya maombi. Sultani akamwomba amwache kidogo apumzike. Mzee hakusikia. Akaifungua barua ile na kuisogeza karibu kabisa na uso wa Sultani. Salahuddin akasoma jina la mwombaji, akasema mtu huyu anastahiki. Mzee akataka atie saini pale pale. Sultani akamweleza kuwa wino haupo karibu. Wakati huo alikuwa amekaa mlangoni mwa hema, kwa hiyo hakuna aliyeweza kupita kuingia ndani. Mzee akamwonesha kwamba wino ule pale nyuma yake. Sultani akageuka, akaegemea mkono wa kushoto, akanyoosha wa kulia mpaka akaufikia, akatia saini. Ibn Shaddad alipomsifu kwa tabia ile, alijibu tu kwamba haikuwadhuru kitu, haja ya mtu imetimia na thawabu imepatikana.

Yapo na mengine madogo madogo. Mara moja mamluki walikuwa wakitaniana, mmoja akamrushia mwenzake kiatu, kikapita na kuanguka karibu na Sultani. Akageukia upande wa pili na kuendelea kuzungumza na aliyekaa naye, kana kwamba hakuona. Mara nyingine aliomba maji ya kunywa katika kikao kimoja mara tano bila kuletewa. Alipoletewa mwishowe, akanywa na hakumkemea mtu. Na waweka hazina wake walikuwa wakimficha sehemu ya fedha kwa ajili ya dharura, kwa kuwa walijua akiziona atazigawa zote.

Msomaji anaweza kusema huu ni ulegevu. La hasha. Mtu huyu ndiye aliyelivunja jeshi la Wanamsalaba pale Hittin mnamo Julai 4, 1187, na ndiye aliyewaua kwa amri yake mashujaa wao wengi baada ya vita ile. Hasira alikuwa nayo, na nguvu alikuwa nayo. Ila kwa watu wake alichagua mambo ya kuyaona na mambo ya kutoyaona. Kiongozi anayeona kila kiatu kilichorushwa atashinda siku nzima akiokota viatu.

Miezi mitatu baada ya Hittin, siku ya Ijumaa Rajab 27, 583 Hijria, sawa na Oktoba 2, 1187, Baytul Maqdis ikarudi mikononi mwa Waislamu. Wanamsalaba walipoingia mji huo mwaka 1099 walichinja watu wake kwa maelfu. Salahuddin hakulipiza. Wakazi walipewa nafasi ya kujikomboa, mwanamume dinari 10, mwanamke dinari 5, na wazee wengi waliokuwa hawana kitu waliachiwa bure. Ndugu yake, Al-Adil, aliomba apewe watu elfu moja, akapewa, akawaacha huru wote. Ni kweli kwamba maelfu wengine walikosa fidia wakachukuliwa utumwani. Ni kweli pia kwamba wengi walioachiwa walikimbilia mji wa Sur na kutoka huko wakaanza upya vita, na mwanahistoria Ibn Al-Athir amemlaumu kwa jambo hilo. Upole una gharama yake, na Salahuddin aliilipa.

Siku ngumu pale Yafa

Sasa tufike kwenye siku ambayo kwangu mimi ni kubwa kuliko siku ya Hittin. Siku ya ushindi kila mtu ni mtiifu. Kiongozi hujulikana siku watu wanapomgomea.

Wanamsalaba walileta majeshi mapya kutoka Ulaya, wakaongozwa na Richard, Mfalme wa Uingereza. Akka ikaanguka mwaka 1191 baada ya kuzingirwa karibu miaka miwili. Askari wa Salahuddin walikuwa wamechoka. Wengine walikuwa hawajaziona familia zao kwa muda mrefu, na madeni yalikuwa yamewalemea. Mwishoni mwa Julai 1192 Sultani aliushambulia mji wa Yafa na kuuteka isipokuwa ngome yake. Katika vurugu za siku ile, mamluki wake waliwapiga baadhi ya askari na kuwanyang'anya ngawira. Kisha Richard akaja kwa bahari na kuuokoa mji.

Agosti 5, 1192, Richard alikuwa nje ya Yafa na watu wachache sana, na farasi wachache zaidi. Ilikuwa nafasi ambayo huenda isirudi. Salahuddin akapita kwenye safu za jeshi lake akiwahimiza washambulie na kuwaahidi mema. Hakuna aliyesogea, ila mwanawe Al-Zahir aliyejiandaa kushambulia, baba yake akamzuia. Ndipo Al-Janah, ndugu yake Al-Mashtub, akamwambia Sultani usoni kwamba awaamuru wale mamluki wake waliowapiga watu na kuchukua ngawira siku ya Yafa, wao ndio washambulie.

Hebu tulielewe neno hili. Ni mbele ya jeshi, mbele ya adui, na limesemwa kwa mtu aliyeikomboa Quds. Katika majeshi ya zama zile, adhabu yake ilikuwa inajulikana. Salahuddin akakasirika, akageuza farasi, akaondoka uwanjani bila vita. Akapiga hema lake mahali paitwapo Yazur. Al-Zahir mwenyewe alisimulia baadaye kwamba siku ile aliamini baba yake atawasulubu na kuwaua watu kadhaa, hata yeye mwanawe aliogopa kumkaribia.

Alipoingia hemani alikuta jambo jingine. Kulikuwa kumefika matunda mengi kutoka Damascus. Sultani akamwambia mwanawe awaite makamanda waje wale. Wakaitwa, wakaja hali mioyo inawadunda. Wakakuta uso mkunjufu na matunda yametandazwa. Wakala. Hofu ikawatoka, wakaondoka wakijiandaa kwa safari kama kwamba halikuwepo lolote.

Nimelitafakari sana tukio hili. Nadhani Salahuddin, katika mwendo ule wa kutoka Yafa hadi Yazur, alijiuliza kama Al-Janah alikuwa amesema uongo. Hakuwa amesema uongo. Watu walikuwa wamepigwa kweli na wamenyang'anywa kweli. Neno lilitoka mahali pabaya na kwa wakati mbaya, lakini lilibeba dai. Kumuua aliyelisema kusingeliondoa dai lile katika nyoyo za maelfu waliobaki kimya. Hivyo alimeza hasira. Mwezi haukupita, Septemba 2 mwaka huo huo, ukafungwa mkataba wa amani. Quds ikabaki mikononi mwa Waislamu, na mahujaji wa Kikristo wakaruhusiwa kuizuru kwa amani. Jeshi lile lililogoma siku moja halikumkimbia, na halikumuasi.

Mwenyezi Mungu alimfahamisha Mtume wake (s.a.w.), katika Surat Al-Imran aya ya 159, kwamba lau angekuwa mkali mwenye moyo mgumu watu wangemkimbia, na akamwamrisha awasamehe, awaombee msamaha na ashauriane nao. Aya hiyo ilishuka baada ya Uhud, yaani baada ya watu kukosea, tena kosa lililogharimu roho. Salahuddin alikuwa amehifadhi maana yake, si herufi zake tu.

Wasia na dinari moja

Mwaka huo wa 1192, Al-Zahir alipokuwa akiaga mjini Quds kwenda kutawala Halab, baba yake alimpa wasia mbele ya Ibn Shaddad. Alimuusia kumcha Allah. Alimtahadharisha na kumwaga damu, kwa kuwa damu hailali. Alimtaka azilinde nyoyo za raia na nyoyo za makamanda, na akamwambia kwamba yeye mwenyewe hakufika alipofika ila kwa kuwavuta watu kwa upole. Akamuonya asimwekee mtu kinyongo, kwa sababu mauti hayambakishi yeyote. Na akamkumbusha kwamba dhambi baina ya mja na Mola wake husamehewa kwa toba, lakini haki ya mtu haisamehewi mpaka mwenyewe aridhike.

Miezi michache baadaye akaugua homa mjini Damascus. Alfajiri ya Jumatano, Safar 27, 589 Hijria, yaani Machi 4, 1193, akafariki akiwa na umri wa miaka kama 55. Katika hazina yake zilikutwa dinari moja ya dhahabu na dirhamu 47 za fedha. Hakuacha nyumba, bustani wala shamba. Hija alikuwa akiinuia, hakujaaliwa kuitekeleza. Vifaa vya maziko ilibidi vikopwe, na sanda ilitolewa na waziri wake, Al-Qadi Al-Fadil. Ibn Shaddad anasimulia kwamba mji mzima ulilia, na kwamba alikuwa akisikia watu wakisema wangependa wafe wao badala ya mtu wao, akadhani ni maneno tu ya kawaida, mpaka siku ile alipojua kwamba yeye mwenyewe yuko tayari.

Wanawe walirithi miji na majeshi. Hawakurithi watu. Al-Afdal, mkubwa wao, aliyeachiwa Damascus, alishindwa kukaa na makamanda wa baba yake, wakamkimbia. Ndugu wakagombana, na kufikia mwaka 1200 ami yao Al-Adil alikuwa ameshika usultani. Kiti hurithiwa, bali mapenzi ya watu kila mtu huyatafuta upya kwa jasho lake.

Ndugu msomaji, baada ya kuusoma wasia ule sikuweza kulala vizuri. Haki ya mtu haisamehewi mpaka mwenyewe aridhike. Siku iliyofuata baada ya Alasiri nilikwenda nyumbani kwa yule mzee. Nilimkuta barazani anashona kofia. Nikamwamkia, nikakaa chini, nikamwambia kwamba nilimdhulumu mbele ya watu na nimekuja kuomba radhi, na nitaiomba tena mbele ya watu wale wale. Alinyamaza kwa muda, kisha akamwita mjukuu wake alete chai.

Ijumaa iliyofuata nilisimama baada ya sala nikasema hivyo hivyo mbele ya jamaa. Haikuwa rahisi. Vijana walianza kurudi mmoja mmoja, si wote. Paa liliezekwa mwaka uliofuata. Mzee alinisamehe, lakini ufunguo alikataa kuupokea tena. Anasali safu ya nyuma, karibu na mlango aliokuwa akiufungua, na kila nikimwona najua kwamba yapo mambo ambayo radhi huyaponya na yapo ambayo hubaki na kovu.

Misikiti yetu mingi ina kamati mbili, na mingine imefungwa minyororo kwa ugomvi wa uongozi. Ukifuatilia utakuta mara nyingi chanzo si itikadi wala fedha. Ni neno lililosemwa mbele za watu, na mtu ambaye hakufuatwa nyumbani kwake. Enyi ndugu zangu mlio na mihuri, tuwafuate wazee wetu na vijana wetu kabla jengo halijasimama.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu amrehemu Sultani Salahuddin, amsamehe aliyoteleza, na atujaalie sisi tuliopewa amana ndogo ndogo vifua vipana vya kuwabeba watu wetu. Amin.

Wabillahi tawfiiq.